Hongera kwa Hitma

Mpaka leo nikisikia mtu anatafuna karibu na kipaza sauti, huizima simu. Sijifanyi msafi kuliko wengine. Nimelelewa Malindi, katika nyumba ya watu wengi wanaokula sinia moja, na kila namna ya kula nimeiona. Lakini sinia moja ina adabu yake. Mtu hula upande wake, hafungui kinywa kikiwa kimejaa, wala hafyonzi mfupa kwa sauti mbele ya wenzake. Yule mtaalamu wa mtandao alivunja yote hayo kwa makusudi, tena kwa jina la biashara ya wifi yangu.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni mpishi wa biriani. Hana mkahawa. Ana ua nyuma ya nyumba, masufuria makubwa, na akina mama wanaomsaidia siku za shughuli. Ukiwa na arusi, ukiwa na maulidi, ukiwa na hitma ya kumsomea marehemu wako, wamwendea, wamwambia wataka masinia mangapi, naye apika. Kwa miaka mingi hilo lilitosha. Kisha wapishi wapya wakafungua kurasa mtandaoni, wakaanza kupata shughuli ambazo zamani zingekuja kwake bila shaka yoyote. Akaniuliza afanyeje.

Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kutumia kompyuta na simu, hasa akina mama wenye biashara ndogo. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote, na hapa nitaeleza tena kwa asiyejua, maana si jambo gumu na kila mtu analiweza. Ukurasa wa biashara ni kama baraza ya nyumba. Watu kupita mbele yake si kitu. Angalia ni wangapi wanasimama, wanasalimu, wanauliza, na wewe unawaitikia. Huo ndio mwitikio, na ukiupata, mtandao wenyewe hukupeleka mbele ya watu wengine. Nikamshauri aonyeshe mchele unavyooshwa, aulize watu kama biriani yataka viazi au haitaki, kisha akae awajibu mmoja mmoja, kwa salamu.

"Hiyo itachukua muda, wifi," akasema.

"Itachukua."

"Na mimi nitapika saa ngapi?"

Swali lilikuwa la haki. Ndipo akamchukua mtaalamu wa kuendesha kurasa za biashara, mwanamume wa makamo kutoka Kilifi mjini, mpole, shati limenyooshwa vizuri, anayemwita kila mwanamke "mum". Wifi akampa neno la siri la ukurasa, akarudi jikoni akiwa ametua mzigo.

Video ya kwanza niliiangalia nikiwa nakunywa chai, na chai sikuimaliza. Mtaalamu mwenyewe amekaa mbele ya sinia peke yake. Kipaza sauti amekibandika kwenye ukosi, karibu kabisa na kidevu. Anatia mkono wote mpaka kiganjani, anasukuma tonge ambalo lingewatosha watu wawili, na unasikia kila kitu: mate, meno, mchele unavyosagika, pumzi inavyohema puani. Kisha anachukua mfupa wa mbuzi, anaufyonza uboho kwa mlio mrefu, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, naye anayafuata kwa ulimi. Mwisho anaitazama kamera na kucheua.

Chini yake maoni yalikuwa yanamiminika.

"Huyu ala au apigana?"

"Jamani, nani alimfunga huyu akamnyima chakula?"

"Mtoeni hapo kabla hajala sinia lenyewe."

"Nimefunga simu, nimekwenda kunawa uso."

Nilimfuata mtaalamu uani nikamwambia watu wanachukizwa.

"Wanachukizwa, mum, lakini wanakaa," akanijibu bila hasira. "Angalia walivyokaa mpaka mwisho."

Ilibidi nikubali kwamba kwa upande wa hesabu hakusema uongo. Mtandao hauna ulimi wala pua. Unajua tu kwamba macho yalitua mahali na yakakaa, na kwamba vidole viliandika kitu. Anayelamba midomo na anayetaka kutapika wanahesabiwa sawasawa. Ndiyo maana vitu vya kukirihisha vinakua haraka hivi. Mtu akiona kizuri hutabasamu na kupita. Akiona uchafu humwita jirani aje auone naye. Ukilifahamu hilo, utafahamu nusu ya mambo ya ajabu unayokutana nayo kwenye simu yako, na hutajilaumu tena kwa kuyatazama.

Wifi alipouliza, nilimwambia ukweli: wafuasi wameongezeka sana. Video hakutaka kuziona. "Mradi watu wanakijua chakula changu," akasema.

Kisha mtaalamu akaongeza jambo la pili. Mtandao hupenda ukurasa unaojibu upesi, kwa hivyo akatengeneza majibu yanayojituma yenyewe. Mtu yeyote akiandika neno "biriani" pamoja na neno "twaomba" au "nataka", papo hapo anajibiwa. Aliyapanga asubuhi moja, akanionyesha, nami nikamuuliza kama shughuli zote ni za furaha. Akasema wengi ni wa arusi.

Huko Ngomeni kulikuwa na mama mmoja mzee ambaye wifi yangu alimpikia tangu mabinti zake wanaolewa. Hakuna shughuli ya nyumba ile iliyopikwa na mtu mwingine. Wifi alikuwa akimwita bibi, na bibi akipita Malindi lazima aje auketie mkeka wake, atanie na kucheka. Alifariki wakati wifi yuko kwao Vitengeni akimuuguza babake, na habari hazikumfikia. Binti wa marehemu, akimpigia wifi simu asimpate, akaandika kwenye ukurasa. Akaandika chini ya video ya uboho, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu:

"Assalaam aleikum. Shikamoo mama. Mama yetu ametangulia mbele ya haki. Twaomba biriani ya hitma ya arubaini, vile alivyokuwa akiipenda."

Jibu likaja papo hapo, kwa jina la wifi yangu:

"Hongera sana! Tunafurahi pamoja nawe. Sherehe yako itanoga! Alika wenzako watano upate punguzo." Na mwishoni vijipicha vya fataki na mdomo unaolamba.

Watu wakaipiga picha, wakaisambaza. Walicheka Malindi, wakacheka Kilifi, wakacheka watu wasiojua Ngomeni iko wapi. Wengine waliandika "hongera kwa hitma" chini ya kila video, mamia yao, juu ya mama wa watu aliyelala kaburini. Mimi nilisoma nikahisi nimeshika kitu kilichooza.

Wifi alirudi Malindi akayakuta hayo. Alikaa kwenye kigoda akiwa bado na buibui lake la safari. Mtaalamu alikuja mbio, na kusema kweli uso wake ulikuwa na huruma.

"Lifute jibu lile," wifi akamwambia.

"Nisikilize kwanza, mum. Ukurasa haujawahi kufika hapa. Ukifuta sasa, unauua. Tuombe msamaha, lakini tuombe kwa video. Ukae hapo hapo, buibui hilo hilo. Useme kwamba marehemu alikuwa kama mamako."

"Alikuwa kama mamangu."

"Basi. Na ukijisikia kulia, usijizuie. Watu watakuwa nawe mpaka mwisho."

Alisema kwa sauti ya upole, mkono tayari unatafuta mahali pa kuisimamisha simu. Nimeona wezi, nimeona walevi wakitapika mlangoni pangu, na hawakunitia kinyaa kama mkono ule ulivyokuwa ukitafuta mwanga mzuri.

Wifi akampa kisogo. Akanigeukia mimi. "Wewe waweza kulifuta?"

Niliweza. Ukurasa ulikuwa umesajiliwa kwa namba ya wifi mwenyewe, na hili mwenye biashara yeyote alishike: namba iwe yako, hata kazi ukimwachia mwingine. Nikaomba neno jipya la siri, likaja kwenye simu yake, nikaingia. Nikafuta jibu, nikafuta video zote, moja baada ya nyingine. Mtaalamu akatazama mpaka ya mwisho, akachukua kipaza sauti chake, akaaga vizuri. Sijui kama alilifahamu kosa lake.

Tulifika Ngomeni mkesha wa hitma. Uani wanawake walikuwa wameshakaa kazini. Shangazi wa watoto wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, ndiye aliyetuona kwanza.

"Mmekuja na kamera au mmekuja na miguu?"

"Na miguu, shangazi," wifi akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Hongera hukuja nayo?"

Wanawake wakainamisha nyuso. Wifi akavumilia. Binti wa marehemu akatoka ndani, na wifi akamwendea, akampa pole, akamwambia kwamba jina lilikuwa lake ila maneno hayakuwa yake, na kwamba hilo si udhuru, kwa sababu mlango wake mwenyewe alimwachia mtu mwingine aupokelee wageni.

Binti akaitikia pole. "Mimi nilijua si wewe, mama. Lakini kaka zangu waliletewa ile picha msikitini, watu wakicheka. Wamesema haitapikwa kwako. Tumeshampa mpishi mwingine."

"Ni haki yao."

"Hata shughuli za mbele sijui watasemaje."

"Wasiseme kitu. Nimekuja kwa ajili ya bibi."

Nilidhani tutaaga. Shangazi akamtazama wifi kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vilivyojaa vumbi, kisha akausukuma mkeka kwa mguu.

"Basi kaa. Vitunguu ni vingi."

Wifi akavua buibui, akaketi, akapewa kisu. Mpishi aliyepewa kazi, mwanamke ambaye hatukumjua, akapita na ubao wake, akamsimamia wifi kichwani.

"Kata nyembamba zaidi."

"Haya," wifi akasema, akakata nyembamba zaidi.