Maiti Mlangoni pa Bweni Jipya

Siku bweni letu jipya lilipofunguliwa, sisi wasichana tuliingia kwa kupitia dirishani, kwa sababu mlangoni alikuwa amelala maiti. Maiti huyo alikuwa mzima wa afya. Alikuwa fundi mkuu aliyelijenga bweni lenyewe, mzee wa mjini mwenye ndevu nyeupe. Alijinyoosha juu ya kizingiti, shuka jeupe limemfika kifuani na kofia yake ameiweka tumboni. Kila msichana aliyemsalimia "Shikamoo, baba," alijibiwa "Marahaba, mwanangu," bila macho kufumbuliwa.

Ili jambo hili lieleweke, nirudi nyuma kidogo.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia iliyokuwa ikipitwa na misafara ya zamani kwenda Ujiji. Majengo yake ya kwanza yalikuwa ya mawe, ya tangu enzi za Wajerumani: kuta nene kiasi kwamba mtu aliweza kukaa dirishani akakunja na miguu, baraza zenye matao, paa za vigae vyekundu, na popo ambao hakuna mkuu wa chuo aliyewahi kuwashinda. Kwa miaka yote hiyo kilikuwa chuo cha wanaume. Baada ya uhuru nchi ilihitaji walimu wengi, na ikataka wanawake wawe miongoni mwao. Ndipo tukaletwa sisi, wasichana thelathini hivi, kabla hata bweni letu halijaezekwa.

Tulilazwa kwenye karakana ya useremala. Vitanda vilipangwa katikati ya benchi za kurandia, na tulikwenda darasani na maranda ya mninga kwenye nywele. Wavulana walituita maseremala. Tulivumilia, kwa kuwa kila tulipotoka nje tuliliona jengo letu likipanda. Halikufanana na kitu chochote pale chuoni. Lilikuwa la ghorofa, la zege, paa lake bapa kama meza, na madirisha yake yalikuwa ya vipande vya vioo vilivyopangwa kama magamba ya samaki, unavuta kipini vyote vinafunguka pamoja. Wavulana wakalipa jina la Kiberiti. Mimi niliona ndilo jengo zuri kuliko yote Tabora, na hakuna aliyeweza kunibadilisha mawazo.

Jumamosi zote zilikuwa siku za kujitegemea. Wanachuo, wakufunzi na mkuu wa chuo mwenyewe tulibeba mchanga na kokoto kwa makarai, na fundi mkuu alitusimamia. Hapo ndipo tulipopata burudani yetu ya wiki. Fundi alikuwa Mnyamwezi, mkuu wa chuo alikuwa Mzaramo, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zao wakutane kwenye misafara, mmoja akitoka bara na mzigo, mwingine akimpokea pwani. Watani hutukanana mchana kutwa na hakuna anayekasirika. Kukasirika ndilo kosa.

"Wewe Mzaramo," fundi angesema kutoka juu ya jukwaa la miti, "hilo karai unalibeba kama umebeba dafu la mchumba!"

"Nawe Mnyamwezi," mkuu angejibu akihema, "ukiona mzigo tu, shingo inajiinamia yenyewe."

Tulicheka mpaka mchanga ukamwagika. Lakini mkuu wetu alikuwa amekulia kwenye shule za bweni tangu mdogo, na utani aliujua wa mdomo tu. Ule wa msibani hakuufahamu.

Jengo likiwa limebakiza rangi, mama yake fundi akafariki. Alikuwa bibi mzee sana, maarufu mjini kwa uji wake wa mwezi wa Ramadhani. Sisi wasichana tulikwenda kusaidia kuchota maji na kupika. Mkuu wa chuo naye alifika, amevaa suti nyeusi. Alitoa mkono wa pole, akaketi jamvini pamoja na masheikh, akainamisha kichwa, akanyamaza. Alinyamaza vizuri mno. Jeneza lilipotolewa, niliona ndugu wa marehemu wakimtazama yeye. Akatazama chini. Wanachuo wavulana waliokwenda makaburini walituambia kwamba huko pia walimtazama, na huko pia alisimama kimya, mikono ameikunja mbele.

Walikuwa wakimsubiri. Kwa Wanyamwezi, mtani ndiye anayeufanya msiba uwe msiba. Hukaa mlangoni kuzuia jeneza lisitoke, humlilia marehemu kwa matusi, huingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Watu hucheka huku wanalia, na wanarudi nyumbani wakiwa wepesi. Mtani anayekaa kimya ni kama ndugu aliyekukana mbele za watu. Mkuu wetu alidhani anaonyesha heshima. Shangazi mmoja aliyekuwa akikoroga chungu karibu yangu alisema, "Bibi kazikwa kimya kama mtu asiye na kwao," kisha akaendelea kukoroga.

Fundi hakulalamika. Alirudi kazini siku chache baadaye, akapaka rangi yake. Ila sasa mkuu akipita alimwambia, "Habari za asubuhi, Ndugu Mkuu," na mkuu akajibu, "Nzuri, Ndugu Fundi," na sisi chini na makarai yetu tukakosa cha kuchekea. Mkuu alionekana kufurahi kwamba fundi amekuwa mstaarabu.

Ndipo ikaja habari ya mkaguzi. Mkuu alitukusanya karakanani akatueleza kwamba Jumamosi atafika mtu kutoka Dar es Salaam kwa treni ya asubuhi na ataondoka kwa treni ya jioni. Akikuta bweni linafaa na wasichana wanaishi ndani yake, tutabaki. Akikuta tungali tunalala na maranda, tutarudishwa makwetu mpaka mwaka unaofuata.

Kwangu mimi hakukuwa na mwaka unaofuata. Baba yangu alikuwa mkulima na mrina asali huko nyuma ya Ipole, Mmoraviani wa kutokosa ibada, na wazee wa kanisa walimsihi sana hadi akaniachia. Siku ya kuondoka alinibebea sanduku mpaka barabarani, akaniambia, "Ukirudi kabla ya kumaliza, nitajua chuo kimekushinda. Jembe lako lipo." Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana nilijua anamaanisha.

Basi, Jumamosi tuliamka mapema, tukabeba magodoro na masanduku yetu kwenda Kiberiti, ambako vitanda vipya vilikwishaingizwa. Jengo lilikuwa na mlango mmoja tu, kwa kuwa waliolichora waliona wasichana walindwe kwa mlango mmoja. Na kwenye mlango huo mmoja, ndipo alipolala fundi.

Kiranja wetu, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliweka godoro chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, tupishe tuingize vitu."

"Maiti hapishi."

"Mbona maiti anaitikia salamu?"

"Nimekufa, sijakosa adabu."

"Baba, mkaguzi anakuja!"

"Na aje. Mikeka ipo, atakaa kuhani msiba."

Tuliwaita wavulana. Wale Wanyamwezi waliangalia mara moja tu wakarudi nyuma, wakisema jambo lile ni la watani na wao hawaligusi. Wengine waliogopa kumburuta mtu wa umri wa babu zao. Akaitwa mkuu. Alikuja mbio, tai haijakaa sawa, maana gari la kwenda stesheni lilikuwa linamsubiri.

"Fundi, ondoka mlangoni, bwana. Leo si siku yake."

"Ndugu Mkuu, mfu hasikii."

"Unataka nini?"

"Mfu hataki kitu. Anamsubiri mtani wake."

Mkuu alimtazama kama mtu anayesomewa hesabu asiyoielewa. Treni ikapiga honi kwa mbali. Akasema wataongea jioni, akapanda gari akaondoka.

Kiranja akasema kama mlango umekufa, madirisha yapo hai. Tulikwenda upande wa nyuma, tukachomoa vipande vya vioo kimoja kimoja, tukavilaza juu ya godoro kama watoto wachanga. Nyavu za mbu zilikuwa hazijafungwa, ikawa bahati yetu. Wembamba wakaingia kwanza, wakapokea masanduku. Mnene mmoja alikwama, akavutwa na walio ndani na kusukumwa na walio nje, na akatoka na alama ya rangi ya maziwa kwenye gauni ambayo haikutoka tena. Gari liliporudi, vitanda vilikuwa vimetandikwa na khanga zimetundikwa madirishani. Sisi tulijipanga ghorofani, tukachungulia.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, Mhaya wa Bukoba, amevaa suti ya mikono mifupi. Alisimama mbele ya shuka.

"Huyu mzee anaumwa?"

"Hapana," mkuu alisema.

"Amekufa," fundi alisema.

Juu tulijiziba midomo kwa khanga.

"Ndugu Mkuu," mkaguzi alisema taratibu, "mimi nimetumwa kukagua jengo. Naona wasichana wako juu. Wamepitaje?"

"Dirishani."

Mkaguzi alilitazama dirisha, akalitazama tumbo lake. "Mimi dirishani siingii. Hata kama ningetaka. Kama siwezi kuingia, nitasema sikuingia." Akatazama saa.

Kicheko kilitukauka. Niliona jembe langu, lile lenye mpini mfupi, limeegemea ukuta wa nyumba yetu. Naamini kila mmoja pale dirishani aliona lake.

Mkuu aliinama. "Mzee wangu, wasichana hawa wataondolewa. Unanikomoa mimi, lakini wao wamekukosea nini?"

Hapo fundi alizungumza kwa sauti nyingine, si ya mchezo. "Mama yangu alitoka nyumbani kwake, hakuna aliyezuia mlango. Akafika kaburini, hakuna aliyetangulia kulala. Mtani tuliyemtegemea alikaa jamvini kama hakimu."

Mkuu alivua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya tai.

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Heshima gani, Mzaramo? Heshima wape wageni."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi fundi kumwita Mzaramo. Mkuu alivua koti akampa mkaguzi alishike, na mkaguzi, kwa mshangao, akalishika. Akaenda kwenye rundo la mchanga uliobaki, akajaza karai, akarudi nalo kichwani akilia kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo.

"Oyoo! Amekufa mla michembe ya viazi! Amekufa shingo ya mzigo! Nani sasa atanijengea kuta zilizopinda?"

Akammwagia mchanga miguuni.

"Hazikupinda," maiti alisema.

"Nyamaza, umekufa!" Akammwagia mwingine kifuani. "Wanyamwezi, leteni jogoo wawili! Mmoja wa huyu, mmoja wa mama yake! Mama yake alinipa uji mwepesi mpaka niliuona uso wangu ndani ya bakuli, nikaunywa, nikaomba tena. Ningejua, nisingemwacha atoke mlangoni. Ningelala mle shimoni mimi mwenyewe mpaka waniburute kwa kamba, bibi yule, bibi yule…"

Hakumaliza. Alibaki ameshika karai tupu. Fundi alifumbua macho. Mchanga ulikuwa umemjaa ndevuni. Aliinuka, akamshika mkuu mabegani, akamtikisa kama anayepima nguzo.

"Umechelewa, mbwa wewe wa pwani," alisema huku machozi yanamtoka, "lakini umefika."

Wale Wanyamwezi waliokataa kumgusa walipiga vigelegele kabla yetu. Fundi alikung'uta mchanga, akafagia kizingiti kwa lile shuka lake, akamgeukia mkaguzi.

"Karibu, mwanangu. Matanga yamekwisha."

Mkaguzi alikagua kila chumba, koti la mkuu likiwa bado mkononi mwake. Alifungua bomba, likakohoa hewa. Kiranja akaahidi kwamba maji yatafika Jumatatu. Aliona vioo vimelala juu ya godoro, akauliza vina nini. "Vimepumzika," mtu akajibu. Alikaa juu ya kitanda changu kukijaribu, na kitanda kikamstahimili. Kabla hajapanda gari, mkuu alimwuliza mbele yetu sote kama tunabaki. Mwenyewe alikuwa na mchanga kichwani.

"Mimi nimeona," mkaguzi alisema. "Kuamua ni kwa wakubwa. Jibu litatoka Dar es Salaam. Hadi hapo, wakae walipo."

Tukakaa. Maji yalifika, si Jumatatu ile, lakini yalifika. Nilipokwenda nyumbani likizo, baba alikuwa anatengeneza mzinga. Aliniuliza, "Wamewakubali?" Nikamwambia jibu bado. Likizo iliyofuata aliuliza tena, nami nikajibu vilevile, na akanirudisha barabarani na sanduku langu, kwa kuwa hakuna aliyesema nimeshindwa. Nilimaliza chuo, nikafundisha Usinge na kwingineko mpaka nikastaafu, na binti yangu akasoma chuo kilekile, akalala ghorofa ileile. Mwaka jana nilipita pale nikaonana na mkuu wa sasa, mwanamama kijana, nikamwuliza kama jibu la wasichana kuishi Kiberiti liliwahi kufika. Alishangaa kusikia kwamba lilikuwa likisubiriwa. Akauliza ofisini, wakawauliza waliostaafu. Halijafika.