Filamu Iliyopimwa kwa Masikio

Bi Batuli wa Zinga hakuwa mtu wa kuchezewa. Banda lake la video lilikuwa la mabati na mabenchi, lakini sheria ilikuwa sheria: hakuna filamu iliyoonyeshwa kabla hajaipima mwenyewe na kuandika mlangoni kwa chaki, "Watoto ruksa" au "Watu wazima tu". Kina mama waliiamini chaki ile kuliko maandishi ya kwenye kasha. Walimwachia watoto, wakaenda zao shamba roho kwatu.

Ila huko kupima kwenyewe sasa! Asubuhi alikuwa akikaanga kalimati, runinga ameipa mgongo, anamsikiliza mfasiri, yule anayesimulia kwa Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Mfasiri akitukana, watoto marufuku. Akiwa na adabu, ruksa.

Jumamosi moja mfasiri alikuwa mcheshi hasa. Batuli alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaandika "Watoto ruksa".

Mchana banda likajaa. Kwa kawaida kelele za watoto zilifika barabarani. Siku hiyo kimya. Mfasiri alijichekesha peke yake. Batuli akafunua pazia.

Kwenye kioo, mwanamume alikuwa akimwingiza mtoto ndani ya sanduku, taratibu, na mtoto anacheka, akidhani ni mchezo. Kifuniko kikashuka. Mfasiri akatia mzaha. Watoto hawakulia wala kufumba macho. Walitazama kama wanaofundishwa kazi.

Batuli akaikimbilia runinga. Akazima. Wakatoka bila kulalamika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alikuwa akifagia aliposikia vicheko nyuma ya nyumba, kisha kimya. Akaenda. Mjukuu wake Yasmini alikuwa amekaa juu ya friza bovu, anachezesha miguu.

"Mikdad yuko wapi?" Mikdad alikuwa mtoto wa jirani, hata shule hajaanza.

"Usipige kelele, bibi. Kalala."

Batuli alimsukuma mjukuu wake, akavuta kifuniko kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amelowa jasho chapachapa, macho kayatoa, sauti hana. Lakini alikuwa anapumua. Batuli akamkumbatia, akalia kwa woga mtupu.

Alasiri Mwajabu, mama yake Mikdad, akarudi na jembe begani.

"Shikamoo, bibi. Hawakukusumbua?"

"Marahaba."

Mikdad alikuwa amemng'ang'ania Batuli shingoni, hataki kushuka, hata kwa mama yake.

"Kulikoni? Leo umewaonyesha nini?"

"Sijui, mwanangu," akasema Batuli. "Sikuitazama."