Chupa ya Pili ya Régis

Pale kijijini Combelongue, ukimwuliza mtu yeyote nani aliezeka paa lake la mawe, atakutajia Régis Bonnafous, na atakutajia kwa heshima. Paa la mawe halina utani. Ukilipanga kwa hila, mvua ya kwanza tu ya vuli inakuumbua, na mwenye nyumba anakuja kukusimamia mlangoni na ndoo ya maji yaliyovuja. Régis hakuwahi kuletewa ndoo, na alipenda kulisema hilo kila alipopata glasi ya pili. Watu walimwacha ajisifu kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana mambo ya kiangazi kile yananiuma mpaka leo, maana angekuwa tapeli wa kawaida, nani angejali?

Kila mwaka, nyasi zikishakatwa na kufungwa, Régis na rafiki yake Yvon Cazals, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa, walifunga mizigo kwenye baiskeli zao wakazunguka nyanda za Aubrac wiki nzima, kijiji kwa kijiji, wakilala kwa wakulima. Walianza tangu ujana, kabla ya wake na kabla ya meno ya bandia. Na sheria yao ilikuwa ile ile ya waendesha baiskeli wote wa huku: kibao cha jina la kijiji kikionekana mbele, urafiki unawekwa kando. Mnakanyaga mpaka mapafu yatoke, na anayechelewa kufika kwenye kibao ndiye anayenunua vinywaji.

Mnunuzi alikuwa Régis. Miaka nenda miaka rudi, Régis.

"Haya, mzee Régis," Solange mwenye baa alimwambia kila walipoondoka, "unakwenda tena kumnywesha mwenzio?"

"Yvon ana miguu ya korongo."

"Na yako ina mkosi gani?"

Baa nzima ilicheka, na Régis naye alicheka, lakini ndani kwa ndani lilimkera. Afadhali niseme tu: lilimkera kwa miaka mingi.

Kisha goti lake likaharibika. Mtu hapigi magoti juu ya mapaa maisha yake yote bila kulipia. Daktari alimwambia milima basi. Régis akarudi nyumbani amenuna, hali wala hasemi, mpaka mkwewe Thibaut, fundi baiskeli mjini Rodez, akamhurumia. Thibaut akamwekea mota ndogo ndani ya bomba la chini ya kiti, isiyoonekana. Betri akaificha ndani ya chupa nyeusi iliyofanana na chupa ya maji, akaifunga kando ya ile ya maji ya kweli. Kitufe kikakaa chini ya utepe wa usukani.

"Usione haya, baba," Thibaut alisema. "Ni goti tu. Mwambie tu mzee Yvon, ataelewa."

"Nitamwambia," Régis alijibu, na wallahi alikuwa amekusudia. Alipanga kumwambia asubuhi ya kwanza, wakinywa kahawa. Lakini Yvon alikuwa na haraka, jua lilikuwa zuri, wakaondoka. Atamwambia mlimani, akajisemea. Mlimani upepo ulikuwa mkali, hawakusikilizana. Halafu kibao cha kijiji cha kwanza kikatokea, Yvon akasimama juu ya makanyagio kama kawaida yake, na kidole cha Régis kikabonyeza.

Alimpita Yvon kama Yvon amefungwa kwenye nguzo.

"Ee bwana wee!" Yvon alifika anahema, anacheka, macho yamemtoka. "Umekula nini wewe?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lingetosha. Régis akafungua kinywa, na lililotoka ni, "Mazoezi, bwana. Wakati wewe ulikuwa umelala."

Yvon akamkumbatia, akaingia baa, akanunua divai, akawatangazia watu asiowajua kwamba rafiki yake leo kamshinda kwa haki. Régis akainywa ile divai. Ilikuwa tamu, tena tamu sana, na utamu huo ndio uliomponza.

Jioni iliyofuata mvua ilianza kunyesha. Walikuwa wamefikia kwa mama mmoja mfugaji, na Régis, amechoka, aliiacha baiskeli yake nje chini ya ukingo wa paa. Asubuhi aliikuta imeingizwa bandani, imefutwa maji, imeegemezwa pembeni ya ile ya Yvon. Akamshukuru yule mama. Mama alikuwa anakamua, akamtazama tu kama hajui anashukuriwa nini.

Tangu siku hiyo Yvon akapungua maneno. Hakuacha kushindana, hapana. Alikanyaga kukimbilia kibao mpaka shingo ikaiva, akashindwa, akanunua bila utani.

"Goti vipi?" alimwuliza Régis njiani.

"Zima kabisa."

"Ajabu hiyo."

Na Régis kila jioni aliapa kwamba kesho atasema. Lakini kila kibao alichoshinda kiliongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, na sasa haukuwa mmoja tena wa kuutema ukaisha. Aliona aibu mezani. Aliona aibu kitandani. Hata ng'ombe wa njiani, wale wenye macho kama yamepakwa wanja, aliona wanamjua.

Siku ya joto kali walikuwa wanapanda kutoka bonde la mto Truyère, njia nyeupe, hakuna mti. Yvon akasimama, chupa yake imekauka.

"Nigawie maji, Régis."

Régis akatikisa chupa yake ya kwanza. "Yameisha hata yangu."

"Na hiyo ya pili? Naiona imejaa tangu tuondoke."

Régis akaifunika chupa kwa kiganja. "Hiyo… hiyo si maji. Ni dawa. Dawa ya goti."

"Dawa."

"Dawa, ndiyo. Huwezi kunywa wewe, itakudhuru."

Yvon alilamba midomo yake iliyopasuka kwa kiu. "Basi itunze," akasema, akapanda baiskeli yake. Régis akamfuata kwa nyuma, mota inavuma taratibu chini yake, na kwa mara ya kwanza alitamani ipasuke.

Siku moja kabla ya kurudi nyumbani walikula mchana viazi vya kuponda na jibini, vile vinavyovutika kwenye kijiko mpaka usimame. Kila mwaka Yvon alisimama kweli juu ya kiti kuvivuta, kuchekesha watu. Safari hii alikula amekaa. Alipomaliza akapangusa mdomo.

"Huu ndio mwaka wangu wa mwisho, Régis. Nikifika naitundika baiskeli."

Régis akaweka kijiko chini. *Nimemuua*, akawaza. *Anadhani amezeeka. Anadhani miguu yake imekwisha, kumbe ni mimi.* Usiku huo hakulala, na asubuhi, walipoanza mpando wa mwisho kuelekea Combelongue, aliizima mota. Goti likamchoma kama msumari. Walipofika kwenye hodhi la zamani la kufulia nguo, akaita.

"Yvon. Simama, ndugu yangu."

Akasema yote. Mota, chupa, kitufe, Thibaut. Alisema akiangalia chini, na alipomaliza akaongeza kwa haraka, kama mtu anayetoa zawadi, "Kwa hiyo usiache! Miguu yako mizima kabisa. Hujashindwa na mtu, umeshindwa na betri."

Yvon alikuwa ameinama, ananawa uso kwenye hodhi. Hakugeuka.

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu usiku wa mvua. Nani unadhani aliiingiza baiskeli yako? Nilipoinyanyua nikadhani umebeba mawe ya paa." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Nikakungoja useme. Nikakuuliza goti. Nikakuomba maji, Régis. Juani vile, nimekuomba maji, ukaniambia dawa."

"Nisamehe. Niliona haya."

"Ungeniambia siku ya kwanza kwamba goti limekufa, ningeweka mkono huu mgongoni mwako nikakusukuma milima yote. Na vinywaji ningenunua mimi."

"Basi mwakani—"

"Nilisema naacha. Sikusema ni kwa sababu ya miguu."

Akapanda, akaenda zake, hana haraka, wala hakutazama nyuma. Régis hakuthubutu kubonyeza kitufe. Goti lilikataa kabisa, akashuka, akasukuma kile chuma kizito kwa miguu mpaka nyumbani, akapita kibao cha Combelongue peke yake. Watu walimsalimu barabarani, akainua mkono tu bila kuwatazama.

Alimtafuta Yvon baani. Yvon hakuwepo. Mezani pao pa siku zote palikuwa na glasi moja ya divai, imemiminwa.

"Hiyo yako, mzee," Solange alisema. "Yvon kashalipa."

"Kalipa yeye? Lakini yeye ndiye kawahi kibao."

"Ya vibao vyenu mimi sijui. Kaniambia ukifika nikwambie kwamba umeshinda wewe." Halafu uso wa Solange ukachanua, akawageukia wanaume wa kaunta. "Jamani, mmesikia? Régis kamshinda Yvon! Baada ya miaka yote hii!"

Wakasimama wote. Wengine aliwaezekea nyumba zao. Wakampigia makofi, wakampiga mgongoni, mmoja akamvisha kofia yake, na Solange akamsukumia ile glasi mkononi. "Kunywa basi, bingwa! Unalilia nini?"