Jogoo Aliyewika Ugenini

Aliyeniponza ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuja nyumbani Tunduma Jumatano jioni, akanisalimia, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mwalimu, tuna shindano Jumamosi mchana. Watu wawili wanachanana kwa mistari jukwaani. Tunaomba uwe mwamuzi."

"Wanachananaje?"

"Kwa maneno tu, mwalimu. Huyu anamponda yule, yule anajibu. Wewe ndiye uliyetufundisha vina na mizani."

Nimefundisha ushairi miaka mingi mbele ya madarasa yanayosinzia. Kusikia kuna vijana wanaokusanyika kwa hiari yao kusikiliza vina kulinitekenya. Nikakubali.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Mezani tulikuwa watatu: mimi, mtangazaji wa redio aliyehamia kutoka Tanga, na kijana mwenye studio ya kurekodi ambaye kwao ni Mwanza. Mwanafunzi wangu alitangaza masharti: raundi tatu, bila matusi ya nguoni, bila kugusana.

Wa kwanza kupanda alikuwa utingo wa malori, Mnamwanga aliyezaliwa hapohapo Tunduma, mrefu, na kofia ameigeuza nyuma. Ukumbi mzima ulikuwa wake. Mpinzani wake alikuwa fundi cherehani, binti Mnyiha wa Mbozi kama mimi, amevaa gauni alilojishonea. Alipowasalimia watu, lafudhi ya kwetu ilitoka nzimanzima, na watu wakaanza kuguna.

Utingo hakuiacha ipite.

"Umetoka kwenye mibuni, umekuja na vumbi la shamba,
Kiswahili kinachechemea kama ng'ombe aliyekatika kamba.
Hapa mpakani, dada, malori yamepanga mstari,
Rudi kwenye cherehani ukamalizie suruali!"

Ukumbi ulilipuka. Binti alijibu raundi ile kwa sauti ya chini, akasahau mstari mmoja, akaishia kutazama viatu vyake. Mtangazaji aliniinamia. "Huyu amekwisha," akasema. Na mimi niliona hivyo. Nikainamisha macho kwenye meza kama vile ni mwanangu aliyekosea mbele ya wageni.

Raundi ya pili alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akamtazama utingo usoni.

"Umenicheka ulimi, ukasema wangu mzito,
Mstari ukaushona na suruali, mshono wa kitoto!
Mimi nikikata nguo, mshono hauonekani,
Wewe ukikata vina, uzi unaning'inia hadharani!"

Nilipiga meza kwa kiganja kabla sijakumbuka kuwa mwamuzi hapigi meza. Ni kweli, utingo alikuwa amelazimisha kina: *ri* ya mstari haikai na *li* ya suruali. Kijana aliyemcheka mwenzake kwa ulimi ndiye aliyeteleza, na binti alimkamata papo hapo. Watu walichelewa kidogo kuelewa. Walipoelewa, vigelegele vilianzia nyuma, kwa kina mama waliokuja na watoto mgongoni.

Raundi ya tatu utingo alijitutumua, akapanga mistari mizuri kuhusu barabara na vumbi la Zambia, vina vimenyooka safari hii. Zamu ya binti ilipofika, alianza kwa Kiswahili, kisha akaingia Kinyiha moja kwa moja, kwa mizani ileile.

Nilicheka mpaka miwani ikanidondoka. Waamuzi wenzangu walinitazama.

"Kasema nini?" mtangazaji akauliza.

"Kasema kuna jogoo alipanda lori, akaenda kuwika nchi ya watu. Akawika, akawika, na kule hakuna aliyejua kuwa kumekucha."

Mtangazaji alisubiri. "Halafu?"

"Basi. Ndiyo hiyo."

Kwa Kinyiha ilikuwa na meno. Kwa Kiswahili changu ilikuwa jogoo tu.

"Sasa sisi tunampaje alama kwa kitu tusichokielewa?" akauliza yule wa studio, na alikuwa na haki.

Tukiwa bado tunabishana, utingo, ambaye Kinamwanga chake hakiko mbali na Kinyiha, alichukua kipaza sauti. Alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

"Waheshimiwa, msihangaike. Mimi nimeelewa. Imenifika mpaka kwenye mfupa."

Ukumbi ukamshangilia kuliko alipokuwa anaponda. Hata hivyo kura ziligawanyika: mtangazaji alimpa utingo, kwa sauti na kujiamini, wa studio alimpa binti. Wote wakanigeukia.

Nilisimama. Niliwaambia kuwa yale ya jogoo siyahesabu, maana nusu ya ukumbi haikuyasikia, na mimi kuyasikia ni bahati ya kuzaliwa. "Ila raundi ya pili," nikasema, "huyu binti alilichukua jiwe alilorushiwa, akalirudisha likiwa limechongwa. Ushindi ni wake."

Utingo alivua kofia, akampa mkono, kisha akamnyanyua mkono wake juu.

Baadaye tulikaa kibandani nje tukila chipsi mayai, sote sita, mtangazaji bado akiuliza kuhusu yule jogoo. Jua lilikuwa lingali juu ya mabati. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyesikia kitu alichokipenda kikisemwa vizuri na watu asiowategemea.

Binti alimpigia mama yake simu, akaweka sauti kubwa. Utingo akaidandia kabla binti hajazungumza.

"Shikamoo mama! Mimi ndiye niliyepigwa na mwanao!"



"Marahaba, baba. Pole," mama akajibu. "Na mmekula?"