Wanaokula Chungu Kimoja

Nakumbuka asubuhi moja, miaka ya themanini, nilipoingia kazini nikijiona bingwa. Nilikuwa msichana mgeni katika ofisi ya hoteli moja hapa Malindi, bado najaribiwa, na hoteli ndiyo kwanza imenunua kompyuta. Mkubwa wangu alikuwa Bi Mwanaisha, mama wa Takaungu, mpole wa sauti lakini kazi hana mchezo nayo.

Ndani ya kompyuta ile, faili zilikuwa zimetapakaa mahali pamoja kama mitumba sokoni. Programu moja, mwanangu, ni faili nyingi: hii ya kuiwasha, ile ya kumbukumbu za wageni, nyingine ya maelezo, na zote hutegemeana. Jana yake Bi Mwanaisha alikuwa ameniagiza nitengeneze vyumba humo ndani, ndivyo tulivyoziita folda, na kila faili niiweke na jamaa zake. Akaenda zake nyumbani.

Sasa, kila faili ilikuwa na jina, kisha nukta, kisha herufi tatu. Mimi mtoto wa Ganze, nimezoea kumjua mtu kwao kwa jina la mwisho, nikaona mambo ni hayo hayo. Nikawakusanya wote wenye herufi tatu zinazofanana, nikawapa chumba chao. Palipendeza hasa. Kumbe uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Asubuhi hiyo wageni walikuwa wamesimama mbele yangu na mizigo yao, wamechoka. Nikaiita programu ya kuwapangia wageni vyumba vya kulala. Kompyuta ikajibu kwamba kuna faili haioni. Nikaita tena, jibu lile lile. Nikaogopa, kwani nilijua kazi yenyewe ndiyo hiyo inaponyoka. Bi Mwanaisha akaja, akatazama, akaelewa. Kwanza akawahudumia wageni kwa kalamu, hadi wa mwisho. Kisha akanikalisha kitini.

"Wenye jina la Katana wamejaa kutoka Mambrui hadi Kilifi," akaniambia. "Wote hulala nyumba moja?"

"Hapana, Bi."

"Basi jamaa niliowataka mimi ni wanaokula chungu kimoja. Programu ikiamka hutafuta wenzake chumbani mwake. Isipowaona, haifanyi kazi."

Nilitaka kulia, yeye akacheka. Tukazirudisha faili pamoja, kila programu na watu wake, na ile ya vyumba vya wageni ikafunguka. Akaniambia nikanywe chai. Kazi sikunyang'anywa, na nilikaa pale miaka mingi kwa raha.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu umepewa ofisi uiongoze, na nasikia wataka kuwapanga watu upya, madereva upande wao, makarani upande wao. Huenda una haki, mimi si mjuzi wa ofisi zenu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Uliza kwanza nani akifika asubuhi humtafuta nani. Dereva na karani waliozoeana usiwatenge kwa kuwa tu mpango utapendeza machoni. Na ukikosea, warudishe mapema, usione haya.

Mungu akujaalie jicho la kuona watu wanavyohitajiana, na siku utakapoteleza, akuletee wa kukuonya bila kukuvunja moyo.