Zefe ya Batuli

Wakati wetu gundi ilikuwa inapikwa. Ulichukua konzi ya unga wa ngano, ukaikoroga kwa maji baridi ndani ya mkebe wa maziwa, ukauweka mkebe juu ya makaa yaliyobaki baada ya chai ya alasiri, kisha ukakoroga kwa kijiti cha ukuti mpaka uji ukawa mzito na kung'aa. Ukiutoa mapema, karatasi zilibanduka kabla hujafika mlangoni. Ukichelewa, ulipata mkate. Na hata ukipika sawasawa ilibidi ulinde, kwa kuwa gundi ilikuwa na maadui watatu: panya, sisimizi, na ndugu zako wadogo, ambao walichovya kidole, wakalamba, kisha wakaomba iongezwe sukari.

Nasema na wenzangu, sisi tuliokulia Mbwajumali, kisiwani Pate, siku ambazo duka la kijiji liliuza daftari, penseli na wembe, na vifaa vya shule vikaishia hapo. Karatasi ya rangi hatukuijua. Tulizijua karatasi zilizokuja na shughuli nyingine, na tulizipanga kwa cheo. Ya chini kabisa ilikuwa gazeti kuukuu, lililowasili kutoka Lamu likiwa limefungia vitu, linanuka mafuta ya taa na kuchanika ukilitazama vibaya. Juu yake ilikuwa kaki ya kufungia sukari. Kisha mfuko wa saruji, ambao una tabaka kadhaa, na lile la katikati hutoka safi kama kanzu ya Ijumaa. Jirani akianza kujenga nyumba, watoto ndio tuliofurahi kuliko mwenye nyumba, maana wiki ile anga yote ilijaa tiara. Na juu ya zote ilikuwa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Tuliwafuata wavuta sigara njia nzima tukiwahesabia zilizobaki.

Mama alikuwa na sheria moja tu kuhusu karatasi. Yenye maandishi ya Kiarabu haikatwi, haikanyagwi, haifungiwi kitu, kwani huenda imeandikwa jina la Mwenyezi Mungu. Tukiiokota njiani tuliipandisha kidakani, kwenye kile kishubaka cha ukutani, hata kama ilikuwa imebanduka kwenye sanduku la tende. "Wewe hujui kusoma yote," alikuwa akisema, "basi pandisha yuu." Kidaka chetu kilijaa matangazo ya tende na ya sabuni, na kila moja lilikaa pale kwa heshima zake.

Aliyejua kukata alimkatia asiyejua. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na hakuna aliyetufundisha. Tuliwatengenezea wadogo zetu feni za pembe nne, zilizochomwa mwiba katikati na kuzunguka ukikimbia nazo kuelekea pwani. Tuliwatengenezea saa za mkono ambazo siku zote zilionyesha saa nne, kwa sababu saa nne ndiyo tuliyotoka kucheza shuleni. Tuliwatengenezea punda: unakunja karatasi ngumu mara mbili ili mkunjo uwe mgongo, unakata miguu minne, unachomeka masikio, na mkia unakuwa uzi wa katani. Punda wa karatasi hana tabia za punda. Ukimsimamisha, anasimama.

Lakini fahari yangu mimi ilikuwa watu walioshikana mikono. Unakata karatasi ndefu kama ukanda, unaikunja mbele na nyuma mpaka iwe kipande kimoja kinene, unachora nusu ya mtu penye mkunjo, kisha unakata. Ukifungua, wanatoka watu wa sare moja, wamevaa kanzu, wamepangana safu. Siri yake ni kutokata mikono. Ukikata mikono unapata watu wengi wasiojuana.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, mdogo wangu Batuli, wa miaka mitano, alipata surua siku chache kabla ya Maulidi. Kwetu Maulidi ilikuwa na zefe: wanafunzi wa chuo cha Kurani walizunguka kijiji kizima na bendera, kasida na ngoma za matwari, mpaka msikitini, na mwaka ule Batuli alikuwa ameahidiwa kwa mara ya kwanza kutembea na wadogo wenzake. Sasa alikuwa amelazwa chumba cha ndani, dirisha limezibwa kwa kanga, na Mama hakutaka upepo umguse wala harufu ya mafuta ya kukaangia imfikie. Alipoambiwa kuwa hataiona zefe, hata kwa mbali, hakupiga kelele. Alijigeuza akaelekea ukutani, na mgongo wake mdogo ukawa unapanda na kushuka.

"Nyamaa," nikamwambia. "N'takuletea zefe humu ndani."

Akageuka nusu. "Yote?"

"Yote."

"Na punda?"

"Na punda."

Nikaanza kazi. Punda walitoka kwenye mfuko wa saruji. Msikiti ulikuwa boksi la viberiti. Tatizo lilikuwa watu. Wa gazeti walianguka kifudifudi, wa kaki walipinda magoti. Ndipo nilipofungua kasha la Shangazi Zena. Alikuwa dada yake baba, akiishi nasi, na ndiye aliyejulikana kijijini kwa kushona kofia za mkono. Chini ya vitambaa vyake nikakuta ukanda mrefu wa karatasi nene, umegeuka rangi ya chai kwa uzee, na mwili mzima umetobolewa vitundu vidogo vidogo vilivyojipanga kuwa maua.

Sheria niliikumbuka. Niliigeuza ile karatasi pande zote mbili, nikaisogeza mlangoni penye mwanga. Hapakuwa na alifu, hapakuwa na be. Vitundu tu. Nikaona ni halali yangu.

Walitoka watu wanane, na vichwa vyao vilitoka na vitundu, utadhani wamevaa kofia zilizoshonwa. Nilijiona fundi. Vipande vilivyobaki katikati yao nilivigandisha kwenye boksi kuwa mapambo ya msikiti, kwa gundi yangu iliyokuwa imepikika vizuri siku ile. Nikapanga kila kitu kwenye kidaka kilichokuwa mbele ya kitanda. Batuli aliitazama zefe yake mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi Shangazi akafungua kasha. Kile nilichokikata kilikuwa kigezo. Alikuwa akikilaza juu ya kitambaa cheupe na kukipigapiga kwa kifuko cha vumbi la mkaa, vumbi likapita kwenye vitundu, na ua likabaki kitambaani likingoja sindano. Alikirithi kwa mama yake, na hapakuwa na kingine. Wakati huo alikuwa na kofia ya bwana harusi, nusu imeshachorwa na nusu bado, na harusi ilikuwa wiki moja baada ya Maulidi.

Alitafuta kimya kimya. Kisha akaingia chumbani kumjulia hali Batuli, akasimama mbele ya kidaka.

"Salma. Ndoo hapa."

"Labeka, Shangazi."

"Watu hawa wamepata wapi kofia?"

Nilimweleza kila kitu, tena kwa mpango: kwamba nilihitaji karatasi ngumu, kwamba niliangalia pande zote mbili, kwamba haikuwa na maandishi. Shangazi akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilidhani analia. Miaka mingi baadaye Mama aliniambia alikuwa akijizuia kucheka.

"Mwana huyu anafuata sheria," akamwambia Mama aliyekuwa amekuja mlangoni. "Ila hana uwezo wa kusoma vitundu." Kisha akanyoosha mkono kuelekea kidakani.

Batuli akaketi kitandani, uso wote madoa. "Ni watu wangu hao!"

"Watu wako wamevaa kofia yangu, mwanangu."

"Hawavui."

"Sitaki wavue. Nataka waje kwangu kidogo niwatazame."

"Watarudi?"

"Watarudi kabla ya zefe."

Batuli akafikiri. Mtoto mgonjwa ana nguvu nyingi nyumbani, naye alilijua hilo. "Wakirudi wawe na bendera."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Na kijani."

"Haya. Lakini mbona nawaona saba? Salma amesema wanane."

Batuli akautazama mto wake. Kisha mkono ukaingia chini ya mto, ukatoka na mtu wa nane, amekunjamana. Batuli alikuwa amemchana kutoka kwa wenzake usiku ili alale naye.

Kutwa ile tulikaa juu ya mkeka. Shangazi alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akayalowesha mapambo ya msikiti, akangoja, kisha akayabandua moja moja bila kuchana. Gundi ya unga ina ukarimu huo: ukiilowesha inakubali kuachia. Akapanga watu na vipande, miguu kwa miguu, kofia kwa kofia, mpaka ukanda ukarudi kuwa ukanda, umejaa nyufa lakini umekamilika. Akaulaza juu ya tabaka safi la mfuko wa saruji, akanipa sindano.

"Kila kitundu," akasema. "Usiruke hata kimoja."

Sikupigwa. Nilitoboa mpaka adhuhuri ya siku ya pili, vidole vimeota sugu, na tangu hapo sijawahi kuona kofia ya mkono nikaidharau. Mahali pamoja karatasi ilikuwa imefinyangika kwa kulaliwa na Batuli, na jani moja la ua likatoka limepinda. Nilimwonyesha Shangazi. Akalitazama, akasema, "Liache. Nalo lilikuwa gonjwa."

Watu wakarudi kwa mwenyewe kama ilivyoahidiwa. Kila mmoja alikuwa na bendera ya kitambaa, nyekundu na kijani kwa zamu. Wa nane alikuwa ameungwa kwa wenzake kwa mishono miwili mkononi.

Siku ya zefe tulisikia matwari yakianza upande wa chuo, kisha kasida ikawa inakaribia. Mimi pia nilikuwa na nafasi yangu kule nje, na buibui langu jipya, lakini nilibaki ndani. Mama, ambaye wiki nzima alikuwa amekataza dirisha lisiguswe, alikwenda mwenyewe akainua pindo la kanga, kiasi cha upana wa kiganja, akawasimamisha watu wa karatasi pale kizingitini. Jua likapita kwenye vitundu vya kofia zao, na maua yakatua ukutani, juu ya kitanda, juu ya uso wa Batuli wenye madoa yake. Zefe ya nje ilipita chini ya dirisha bila kujua kwamba ilikuwa na mwenzake. Batuli alikuwa akiimba kwa midomo tu, na kuwasogeza watu wake kwa kidole, hatua kwa hatua, mpaka sauti ikaishia mbali.

Bwana harusi alivaa kofia yake kwa wakati. Nilisogea karibu naye kuliko ilivyofaa, nikalitafuta jani lililopinda, nikaliona juu ya sikio la kushoto. Wengine wote walisema kofia ile haina kasoro.

Haya yote yamenirudia wiki hii. Sasa naishi Lamu mjini na binti yangu Rukia na mjukuu wangu Samira, wa miaka mitano. Mwalimu wa Samira alituma ujumbe kwenye kundi la wazazi: kila mtoto, akisaidiwa na mzazi, atengeneze kwa karatasi kitu cha sherehe ya kwao, akilete Jumatatu. Neno "akisaidiwa" ndilo linalowaponza wazazi wa leo. Rukia alishika simu, akatazama video ya mama mmoja wa nchi za mbali mwenye karatasi za rangi ishirini na bunduki ya kumwaga gundi ya moto. Akatazama ya pili. Akatazama ya tisa. Samira alikuwa amelala.

"Mama," akaniuliza, "kwani sherehe ya kwetu ni ipi? Bethdei?"

Nilimwambia aniletee mkasi na aniachie mtoto.

Jumamosi tulipika gundi. Samira hakuamini kwamba unga wa chapati unaweza kushika kitu kingine. Karatasi tulikuwa nayo tele, manila ya kila rangi, na sikulazimika kumfukuzia mtu njiani wala kungoja jirani ajenge. Nilimkunjia ukanda, nikamchorea nusu mtu, nikampa mkasi. Rukia alikuwa amesimama mlangoni, mikono inamwasha.

"Mama, anaharibu. Acha nimnyooshee kidogo tu, wenzake wataleta vitu vya maana."

"Wenzake wataleta kazi za mama zao," nikasema. "Kaa."

Walitoka watu sita, wawili wanene, mmoja hana kichwa. Mikono ilishikana yote. Tukawatoboa kofia kwa sindano, hata yule asiye na kichwa Samira alimpa kofia, akaigandisha penye mabega.

Siwaonei wivu watoto wa leo, na siwahurumii. Wana rangi ambazo sisi tuliziona kwenye kanga tu. Ila gundi yao ya chupa, ukikosea, umekosea, haiachii. Na vitu vyao hufika vimeshakatwa, vimebaki kubandikwa, kwa hiyo hawapati nafasi ya kukata kitu cha shangazi yao, wakakaa siku mbili wakikitoboa upya. Wakati mwingine nadhani hilo ndilo wanalolikosa.

Nilipiga picha ile safu, nikaituma kwenye kundi la familia. Yakaja mashaallah na mioyo. Kisha ikaja sauti ya Batuli, ambaye yuko Mombasa na watoto wake wakubwa, na hajawahi hata siku moja kuzungumza nami juu ya surua ile.

"Dada, watu wazuri. Lakini bendera zao ziko wapi?"

Samira akanitazama. "Bibi, bendera gani?"

Rukia alikuwa ameshashika simu kutafuta video. Mimi nikaurudisha mkebe jikoni, maana gundi ya asubuhi ilikuwa imekwisha, nusu kwa karatasi na nusu kwa Samira.