Ngege wa Lambo la Babu

Nilipofika nyumbani Ngulyati mwishoni mwa kiangazi kile, lambo lilikuwa limebaki dimbwi la rangi ya chai ya maziwa, na kwato za ng'ombe zilikuwa zimetoboa tope pande zote. Nilikuwa nimekuja kuwaokoa samaki. Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili nilimwambia nakwenda kufuatilia hali. Hilo lilikuwa neno la ofisini tu.

Lambo hilo alilichimba babu kwa ajili ya mifugo, ng'ambo ya ua wa minyaa, karibu na jiko kiasi kwamba aliye jikoni husikia ndoo ikitumbukizwa. Ndani yake waliishi ngege. Wengi wa rika langu hawajamwonja: ni perege wa asili wa Ziwa Viktoria, kitoweo cha kila siku cha wazazi wetu kabla sangara na sato hawajapandikizwa, na sasa ziwani ni kama hayupo. Kwetu alibaki. Nililiona lambo lile kama kisiwa kilichogeuzwa: maji kidogo yaliyozungukwa na nchi kavu, mashamba ya pamba na njia za ng'ombe, mahali ambapo sato hawezi kufika kwa mapezi yake mwenyewe. Utafiti wangu wote uliegemea sentensi hiyo.

Sato alifika kwa bodaboda.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mchuuzi wa samaki Lamadi. Siku ya mahari wazee wetu walimtania kwamba mtu wa ziwani amekuja ukweni bila hata harufu ya samaki. Wao walisahau kabla hawajamaliza kula, yeye hakusahau. Asubuhi moja, zaidi ya miaka miwili kabla ya kiangazi kile, alikuja na ndoo za vifaranga hai vya sato ili awafurahishe wakwe zake. Baba alikuwa Bariadi mjini. Nyumbani alikuwepo mama peke yake, na mama ndiye niliyekuwa nimemweleza kila kitu: asiingizwe humo samaki mwingine, hata mmoja.

Lakini mama na mkwewe hawaonani uso kwa uso. Vijana wengi wameiacha heshima hiyo, mama hajaiacha. Aliposikia sauti yake aliingia jikoni na kurudishia mlango. Shemeji alisalimia kwa adabu akiwa nje, akajibiwa kupitia ukutani, kisha akaenda lamboni.

"Nilisikia anamimina," mama aliniambia baadaye, akiniita mayu, yaani mama, kwa upole. "Ningetokaje, mayu? Nimkatalie mkwe zawadi, tena kwa mdomo wangu?"

Nimeufikiria mlango ule kuliko inavyofaa. Vitabu vyangu vinaeleza jinsi viumbe wageni wanavyoingia visiwani: mafuriko, matumbo ya meli, uzembe wa wafugaji wa samaki. Hakuna ukurasa unaotaja mwanamke aliyesimama nyuma ya mlango wa bati akiwa na neno mdomoni.

Lambo likiwa limejaa, hakuna wavu ambao ungeweza kuwatoa sato wote. Ilibidi kungoja likauke, na viangazi viwili vilivyofuata havikuwa vikali vya kutosha. Nikajikuta nikitamani ukame ambao majirani zangu walikuwa wakiuombea usije. Ulipokuja, ulikausha mahindi yao pia.

Kwetu lambo likibaki tope, majirani hualikwa, huingia kwa pamoja na vikapu na vyandarua vichakavu, na samaki ni wa wote. Niliomba ngege wawekwe hai kwenye tangi la plastiki, wengine wote waliwe, na lambo liachwe likauke kabisa hadi mvua, ili ngege warudishwe kwenye maji yasiyo na sato. Mwishowe baba alikubali kuwapeleka ng'ombe wake, waliokwishakonda, kunywa mbali kwenye kisima cha watu. Sijui ni wafugaji wangapi wangemkubalia binti yao hilo.

Siku ya kuvua shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja suruali. Alikuwa ameshaelezwa madhara ya zawadi yake, na alikuwa ameumia. Kwa hiyo alitania.

"Shemeji, eti utawachambua samaki kama afisa uhamiaji."

Watu wakacheka. Nikamwambia ngege ni wa asili.

"Wa asili ya wapi? Babu yenu naye aliwatoa ziwani, akawaleta hapa kwa debe. Kosa langu mimi ni bodaboda?"

Walicheka zaidi. Alisema kweli. Katika kisiwa changu hapakuwa na mwenyeji. Tofauti ni kwamba wa babu hawakuwa na pengine pa kwenda, na wa kwake walikuwa na ziwa zima.

Nikaanza kuchambua. Sato ana mistari myeusi iliyosimama kwenye mkia. Mkia wa ngege ni mtupu. Wa kwanza alikuwa na mistari kamili, wa pili vilevile. Wa tatu mistari yake ilianza vizuri kwenye shina la mkia, kisha ikafifia. Aliyefuata alikuwa na kichwa chembamba cha ngege na kivuli cha mistari, kama maandishi yaliyofutwa vibaya. Walikuwa wamezaana. Nilitafuta mkia mtupu hadi watu walipoanza kunawa miguu. Nilitia tangini wachache ambao karibu niamini kuwa ni ngege halisi, na kila nilipowatazama tena imani hiyo ilipungua.

Baba akasogea. Hakuuliza habari za samaki. Aliuliza kama ng'ombe waendelee kwenda mbali.

"Warudi," nikasema.

Shemeji alikuwa bado uani, akijimwagia maji miguuni, hivyo mama aliuliza kupitia mlangoni kama wale wa tangini wabaki. Nilisimama pale nimeshika mfuniko wa tangi. Mmoja alipanda juu, akapumua, akazama.

Nikamwambia mama awapike wote. Mlango ulifunguka kiasi cha ndoo kupita.